Kiti Gani Kwa Mama? Kuchagua Pa Kukaa Katika Ndege ya Bei Nafuu

Aliyewahi kusafiri kwa Probox kutoka Itumbe hadi mjini Kisii hana haja ya kufundishwa thamani ya kiti. Anajua kwamba aliyewahi pale mbele karibu na dereva hushuka shati likiwa bado limenyooka, ilhali aliyebanwa kule nyuma pamoja na mikungu ya ndizi hushuka akitafuta magoti yake yalipo. Nauli ni moja, barabara ni moja, lakini hawakusafiri safari moja.

Cha ajabu ni kwamba mtu huyo huyo anayegombea kiti cha Probox, siku akikata tiketi ya ndege huketi popote anapoambiwa. Hudhani kwamba kwa kuwa ni ndege, viti vyote ni sawa. La hasha! Viti vya ndege navyo vina mbele na nyuma, vina kelele na kimya, vina jua na kivuli. Na kwa ndege za bei nafuu, mara nyingine vina bei yake kando.

Nimeamua kulizungumzia jambo hili leo kwa sababu familia nyingi za mjini siku hizi huwasafirisha wazazi wao kwa ndege, na si kwa anasa. Mama yuko Itumbe, goti limemshinda, na amepewa miadi ya daktari mjini Nairobi. Kutoka Kisii hadi Nairobi kwa kupitia Narok ni zaidi ya kilomita 300, na basi huchukua takriban saa 6 au 7, zaidi ikiwa njia imefungana. Goti bovu haliwezi kukunjwa muda wote huo. Basi watoto huchanga, mmoja kutoka Umoja, mwingine Rongai, mwingine Nakuru, wakapata tiketi ya ndege kutoka Kisumu, ambayo hukaa angani kwa muda usiofika saa moja. Pesa zimechangwa kwa jasho. Ingekuwa hasara iliyoje mama ateremke Nairobi akisema, "Afadhali ningekuja kwa basi"!

KWA NINI KITI KINAUZWA?

Kwanza tuelewe biashara yenyewe. Shirika la ndege la bei nafuu hukuuzia usafiri mtupu. Mzigo, chakula na kiti unachokitaka huuzwa kando, kama vile mama mboga anavyokuuzia sukuma kisha nyanya na kitunguu ukajinunulia mwenyewe. Hapa Kenya mtindo huu ulishika kasi mnamo Aprili 2014, Jambojet, kampuni tanzu ya Kenya Airways, ilipoanza kuruka kutoka Nairobi kwenda Mombasa, Kisumu na Eldoret.

Si kila mahali waliuza viti. Huko Marekani, shirika la Southwest lilianza kuruka mwaka 1971, na kwa zaidi ya miaka 50 halikuwagawia abiria viti. Watu waliingia kwa foleni na kila mmoja akajichagulia, mithili ya matatu pale stendi. Aliyetangulia alikaa atakapo na aliyechelewa alikaa kilichobaki. Kwetu mambo ni tofauti. Usipochagua, kompyuta itakuchagulia, na kompyuta haijui kwamba mama ana goti, wala haijui kwamba anayesafiri naye ni mjukuu wake.

Kwa hiyo, msomaji, swali si kiti kipi ni bora. Swali ni kiti kipi ni bora kwa nani.

IJUE NDEGE YENYEWE

Ndege inayotumiwa na Jambojet ni ile ya propela iitwayo Dash 8 Q400. Ina viti 78, viwili upande huu na viwili upande ule, na njia nyembamba katikati. Habari njema ni kwamba hakuna kiti cha kati. Kila abiria yuko dirishani ama yuko njiani. Safu huhesabiwa kwa namba kuanzia mbele, na viti huitwa kwa herufi kuanzia kushoto: A ni dirisha la kushoto, C ni njiani kushoto, D ni njiani kulia, na F ni dirisha la kulia. Usishangae kuikosa B na E. Herufi hizo ni za viti vya kati katika ndege kubwa, na hapa viti hivyo havipo.

Mabawa ya ndege hii yako juu ya madirisha, si chini yake. Faida yake ni kwamba bawa halikuzibii mandhari ya chini. Lakini injini nazo zinaning'inia kwenye bawa, na aliyekaa mkabala na injini ataona injini, kisha ataona magurudumu yakishuka kutoka tumboni mwa injini hiyo wakati wa kutua. Kwa kijana mwenye hamu ya ufundi, hapo ni sinema ya bure. Kwa omong'ina asiyewahi kupanda ndege, gurudumu linalochomoza ghafla karibu na dirisha laweza kumtia kiwewe.

Jambo la pili ni kelele. Propela hukata hewa, na viti vilivyo sambamba nayo hupokea mngurumo na mtetemo kuliko vingine. Kadiri unavyokwenda mbali na mstari wa propela, ndivyo sauti inavyopungua. Watengenezaji waliweka mitambo ya kuzima kelele hiyo, na herufi Q katika jina lake ilitokana na neno la Kiingereza lenye maana ya kimya. Hata hivyo, kimya hicho si cha msikitini. Mwenye maumivu ya kichwa asikae sambamba na propela.

Jambo la tatu ni mtikisiko. Ndege ni kama pembea ya watoto, ile ya ubao. Walio miisho hupanda na kushuka sana, aliye katikati hatikisiki sana. Katikati ya ndege ni pale penye mabawa. Kwa hiyo anayeogopa mtikisiko, ama mwenye tumbo jepesi la kutapika, akae karibu na mabawa, na asikae safu za mwisho kabisa. Wasafiri wa matatu wanalijua hili bila kufundishwa, maana kiti cha nyuma ndicho hukurusha hadi kichwa kikagusa paa.

Umeona mtego ulipo? Katikati ndipo pasipotikisika sana, lakini ndipo karibu na propela. Huwezi kupata vyote. Chagua kile unachokiogopa zaidi, mtikisiko au kelele, kisha ukikimbie hicho.

MWENYE GOTI BOVU

Sasa tumrudie mama. Mwenye goti bovu apewe kiti cha njiani, si cha dirishani, ili aweze kuunyoosha mguu. Lakini njiani upande gani? Hapa ndipo wengi hawafikirii. Ukiketi C, njia iko mkono wako wa kulia. Ukiketi D, njia iko mkono wako wa kushoto. Basi mwenye goti bovu la kulia aketi C, na mwenye goti bovu la kushoto aketi D. Mguu unaouma ndio utakaopata nafasi. Mwambie tu aurudishe ndani mhudumu anapopita na mkokoteni wa vinywaji, la sivyo atagongwa pale pale panapouma.

Je, mbele au nyuma? Kwa mtu asiyetembea vizuri, mbele ni bora ikiwa abiria wanapandia mlango wa mbele, kwa sababu njia ya ndani ni nyembamba na kila hatua ni gharama. Katika baadhi ya ndege, kama zile za ATR, abiria hupandia mlango wa nyuma, na hapo hesabu hugeuka. Kuuliza si ujinga. Uliza shirika, "Tunapandia mlango upi?" kabla ya kulipia kiti.

Safu ya kwanza kabisa nayo ina tabia zake. Magoti hayagusi kiti cha mwingine, jambo ambalo ni zuri. Lakini hakuna kiti mbele yako cha kuweka mkoba chini yake, hivyo mkoba wa dawa utawekwa juu wakati wa kuruka na kutua. Kama mama ana dawa ya pumu ama anayohitaji kuifikia haraka, dawa hiyo ikae mfukoni mwake.

Aidha, usidanganywe na safu ya mlango wa dharura kwa sababu ina nafasi ya miguu. Hapo hawaruhusiwi kukaa watoto, wajawazito, wala wazee wasio na nguvu. Sababu iko wazi. Anayekaa hapo ndiye atakayetakiwa kuufungua mlango siku ya balaa. Ukimlipia mama kiti hicho, atahamishwa na pesa zako zitakuwa zimekwenda bure.

Tena kuna ngazi. Ndege hizi ndogo hupandwa kutoka ardhini kwa ngazi nyembamba. Kama mama hawezi kupanda ngazi, kiti kizuri hakitamsaidia asipofika humo. Liarifu shirika mapema kwamba kuna abiria anayehitaji kiti cha magurudumu na msaada wa kupandishwa. Mashirika mengi hutaka kuarifiwa saa 48 kabla ya safari. Usingoje kusema haya siku yenyewe pale kaunta.

Na kabla ya yote, mwulize daktari kama mgonjwa anaruhusiwa kuruka. Kuna jambo moja ambalo kila familia inapaswa kulijua. Baadhi ya wagonjwa wa macho, hasa waliotengenezwa retina, huwekewa gesi ndani ya jicho. Mtu huyo hapaswi kabisa kupanda ndege mpaka gesi iishe, kwani huko juu gesi hutanuka na yaweza kumpofusha. Kwa mgonjwa wa namna hiyo hata barabara ya kupanda milima mirefu ni ya kumwuliza daktari. Hakuna kiti, mbele wala nyuma, kinachoondoa hatari hiyo.

MTOTO NA MJAMZITO

Mtoto wa chini ya miaka 2 kwa kawaida hupakatwa. Mama mwenye kupakata asichague kiti cha njiani. Kichwa cha mtoto na mkono wake hutokeza nje, na mikoba ya watu na mkokoteni hupita papo hapo. Dirishani ni salama zaidi, na tena mama hupata faragha ya kunyonyesha. Amnyonyeshe mtoto ndege inaposhuka, kwani kumeza huzibua masikio. Mtoto mkubwa apewe peremende ya kutafuna, na mzee vile vile. Mara nyingi mtoto anayelia wakati wa kutua hana ukaidi wowote, ni masikio yanayomwuma.

Mjamzito akae njiani, maana atahitaji kwenda msalani. Mkanda aufunge chini ya tumbo, juu ya mapaja, wala si juu ya tumbo. Mashirika mengi huomba barua ya daktari kuanzia wiki ya 28, kwa hiyo asifike uwanjani mikono mitupu.

Kama mnasafiri familia ya watu wanne na pesa hazitoshi kulipia viti vyote, lipieni viwili tu: cha mtoto na cha mzazi mmoja aliye kando yake. Mwanafunzi wa sekondari hatakufa kwa kukaa safu kumi nyuma ya babake. Pengine hata atafurahi.

MWANAFUNZI NA ASIYE NA KITU

Wewe mwanafunzi uliyepata tiketi ya bei ya chini kabisa, ushauri wangu ni mfupi. Usilipie kiti. Huna goti bovu, na hiyo ni safari ya chini ya saa moja. Jisajili mapema kwa simu pindi usajili unapofunguliwa, kisha angalia kompyuta imekupa nini. Usipokipenda, fika mapema na uulize pale kaunta kwa adabu. Neno zuri hutoa nyoka pangoni.

Wengine hulipia safu za mbele ili watoke haraka. Fikiria kwanza. Ikiwa umekabidhi sanduku, utatoka wa kwanza halafu utasimama kwenye mkanda wa mizigo ukiwangoja wenzako wa nyuma wakukute hapo hapo. Kiti cha mbele kinamfaa mwenye mkoba wa mkononi peke yake. Na mkoba huo una kipimo, kwa kawaida kilo 7. Wanaobeba vinyago vya mawe ya sabuni kutoka Tabaka wawe macho. Vinyago viwili vitatu vya ukubwa wa wastani na kipimo kimekwisha, hata kabla hujaweka shati. Ndizi na chinsaga za shangazi pia zina uzito. Pima nyumbani, kwani kulipia kilo uwanjani ni ghali kuliko kulipia mapema.

DIRISHA LA KUSHOTO AU LA KULIA?

Hapa ndipo raha ilipo. Ukitoka Kisumu kwenda Nairobi, ndege huelekea mashariki na kusini kidogo. Aliye kulia, dirisha F, ndiye anayetazama upande wa nyanda za juu za Gusii, na hewa ikiwa safi aweza kuviona vilima vya kwao kwa mbali. Mbele kidogo yatakuja mashamba ya chai ya Kericho, kijani kitupu. Kisha Mau, kisha ardhi inaanguka ghafla na unaliona Bonde la Ufa. Hapo aliye kushoto, dirisha A, ndiye mwenye bahati, kwani upande wake ndiko liliko Ziwa Naivasha na Mlima Longonot wenye shimo kileleni, na siku isiyo na mawingu hata Mlima Kenya huonekana kwa mbali.

Lakini asubuhi jua nalo liko upande huo wa kushoto. Mwenye macho dhaifu, ama aliyetoka kutibiwa macho, akae kulia apate kivuli.

Wakati wa kurudi Kisumu mambo hupinduka. Longonot na Naivasha huhamia kulia, na jua la alasiri huja kutoka kushoto. Kwa hiyo anayerudi alasiri achague F bila kusita, apate mandhari na kivuli pamoja. Nasema haya nikijua kwamba ndege haifuati mstari wa rula. Rubani aweza kuzunguka mawingu na ukakosa ulichokilipia.

Mawingu yenyewe si mchezo. Eneo la Kericho na Nandi linajulikana kwa mvua ya mawe, na wakulima wa chai wanayafahamu machozi yake. Mvua za radi za kanda hii hupenda kuja alasiri, baada ya joto la mchana na unyevu wa ziwa kukutana. Asubuhi hewa huwa imetulia. Basi kwa mzee anayesafiri mara ya kwanza, kuchagua ndege ya asubuhi humsaidia kuliko kuchagua kiti chochote.

Hata hivyo, pima na umbali. Itumbe si jirani ya uwanja wa Kisumu. Kuna safari ya kufika mjini Kisii, kisha zaidi ya kilomita 100 kupitia Oyugis, Sondu na Ahero. Ukimkatia mama ndege ya alfajiri, atalazimika kutoka nyumbani usiku wa manane, na mgonjwa atakuwa amechoka kabla hajaona ndege. Ama alale Kisumu kwa jamaa, ama mchague ndege ya katikati ya asubuhi.

Na kuna mtego wa saa. Tiketi huandikwa kwa saa za Kizungu. Ikisema 10:00, hiyo ni saa nne asubuhi. Mama akisomewa "kumi" kwenye simu, aweza kudhani ni saa kumi jioni, akaendelea kupalilia. Mwambie kwa Kiswahili chetu, "Mama, ndege ni saa nne asubuhi," kisha umwombe akurudishie maneno hayo. Hali kadhalika, mweleze atakayempokea kama ndege inatua uwanja wa Jomo Kenyatta kule Embakasi ama Wilson karibu na barabara ya Lang'ata. Nimewaona watu wakipiga simu kwa hasira, kila mmoja akiapa kwamba amesimama penye mlango wa abiria wanaofika. Wote walisema kweli, ila katika viwanja viwili tofauti.

NA USALAMA JE?

Swali ambalo kila mzee huuliza ni hili: kiti gani hakifi? Jibu la kweli ni kwamba hakipo. Ajali hazifanani, na kiti kilichookoa watu katika ajali hii chaweza kuwa kibaya katika ile.

Mnamo Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka katika Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba. Ilikuwa na watu 43. Sehemu ya mbele ilizama na mkia ukabaki juu, na walionusurika walitokea nyuma huku wavuvi wakiwa wa kwanza kufika kuwaokoa. Watu 19 walifariki, wakiwemo marubani wote wawili. Siku hiyo nyuma kulikuwa heri. Lakini ndege ingetangulia kugonga kwa mkia, hadithi ingekuwa nyingine.

Funzo lake ni hili: ukiketi, hesabu safu kutoka kwako hadi mlango wa karibu, wa mbele na wa nyuma. Hesabu kwa kugusa migongo ya viti kwa macho yako: moja, mbili, tatu. Kukiwa na giza ama moshi, mikono itakumbuka kile ambacho macho hayaoni. Kumbuka pia kwamba ndege hizi za mabawa juu hazina mlango wa dharura katikati penye bawa kama zile za jeti. Milango iko mbele na nyuma.

Uwanja wa Kisumu uko ukingoni mwa Ziwa Victoria. Kwa hiyo mhudumu anapoonyesha jaketi la kujiokolea majini, usimwangalie kama anayekuchezea mchezo wa kuigiza. Sikiliza jambo moja hasa: jaketi hujazwa upepo ukishatoka nje ya ndege, si ukiwa ndani. Mnamo Novemba 23, 1996, ndege ya Ethiopian Airlines iliyotekwa nyara ikiwa njiani kutoka Addis Ababa kuja Nairobi iliishiwa na mafuta ikaanguka baharini karibu na visiwa vya Komoro. Kati ya watu 175 walikufa 125. Baadhi yao walikuwa wamejaza majaketi yao wakiwa bado ndani. Maji yalipoingia, majaketi yakawainua hadi darini, wasiweze kupiga mbizi kuufikia mlango. Mweleze mama hili kwa lugha anayoielewa kabla hajaondoka nyumbani, kwa upole, bila kumtisha. Kama haelewi Kiingereza wala Kiswahili vizuri, mwambieni mhudumu, ili amwonyeshe kwa mikono.

Jambo la mwisho la usalama: usihame kiti kiholela hata kama ndege ina nafasi. Katika ndege ndogo uzito hupangwa mbele na nyuma kwa hesabu, kama mzigo kwenye baiskeli. Omba ruhusa. Ukiruhusiwa, hama. Ukikataliwa, usinune.

KWA UFUPI

Msomaji, ukikata tiketi leo jioni, jiulize mambo matano kwa utaratibu huu. Nani anasafiri na ana udhaifu gani? Ndege ni ya saa ngapi, asubuhi au alasiri? Tunapandia mlango upi? Je, mtoto ama mgonjwa atakaa kando ya mtu wake? Na mwisho kabisa, tunataka kuona nini dirishani? Ukianza na lile la mwisho, kama wengi wafanyavyo, utamweka mama dirishani aone Longonot, na goti lake halitaona chochote ila mateso.

Pesa za kulipia kiti si lazima zitoke kwa kila mtu. Zitoke kwa yule mmoja ambaye kiti kitamfanya afike akiwa mzima. Wengine tukae tulipopangiwa, tufunge mikanda, na tushukuru kwamba hakuna aliyetupakatisha mkungu wa ndizi.

Safari njema. Tuonane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.